Mbwa Wangu, Watasema

Kwenye matanga ya shangazi yangu Mwamini, hapa Kasongo, niliibiwa huku nikitazama. Vijana walikuwa wamekaa chini ya turubai wakingoja wali uive, na mmoja wao, mjukuu wa marehemu, alikuwa akiwasimulia wenzake habari za mbwa wa enzi za Wabelgiji, mbwa aliyekuwa akipita sokoni katikati ya kuku bila hata kugeuza shingo. Alisema mbwa huyo alifundishwa na babu yake, Baba Lubunga, mume wa shangazi, na kwamba mzee alikuwa na dawa ya majani aliyompaka puani. Nilikuwa na sahani mkononi. Niliiweka chini, nikamwambia kwamba babu yake alikuwa seremala hodari, vitanda vyake vingine vinalaliwa mpaka leo, lakini mbwa yule hakumfundisha yeye, na dawa haikuwapo. Nilimfundisha mimi. Wakacheka kidogo kwa adabu, kama watu wanavyomchekea bibi kizee aliyechoka na msiba. Mimi sikucheka. Siku hizi nina umri wa kusema ninalolijua bila kuomba ruhusa, na hata wakati ule, nilipokuwa sina umri huo, sikuomba.

Sitaanza na ukoo wetu, ukoo una wasimulizi wake wengi. Itoshe kwamba mwaka ule nilikuwa msichana aliyekwisha kukua, nikatoka kijijini kwetu Wamaza kwa miguu na kikapu cha mihogo mikavu kichwani, kuja kumsaidia shangazi aliyekuwa amejifungua. Nyuma yangu alikuja mbwa. Alikuwa mbwa wa kwetu wa kuwindia, mwekundu, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Alipokuwa mdogo wajomba zangu walitaka kumtupa kwa sababu mguu wake mmoja ulipinda. Nilimwokota, nikamnywesha uji, na mguu ukanyooka wenyewe. Hapo ndipo walipomtaka tena. Walisema mwanamke hafugi mbwa wa kuwinda, mbwa akizoea mkono wa mwanamke hapati nyama. Niliwaambia basi asipate, nikampa jina la Watasema, kwa kuwa nilijua hawatanyamaza. Hata hivyo kila msimu walikuwa wakimchukua na kwenda naye msituni kumfundisha kazi yao, na aliijua kuliko mbwa wao wote.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa mbele tu, upande unaoonekana na watu wa barabarani. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi ya Baba Lubunga: mbao zimesimamishwa ukutani, kitanda ambacho hakijakwisha, na maranda ya mbao yamejaa chini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilikuwa nikilala humo, na asubuhi nilikuwa nikiamka na maranda kwenye nywele. Baba Lubunga alikuwa mtu wa kwetu Wamaza, mwana wa wawindaji, aliyeacha msitu akafuata mji. Siku nilipofika hakuniangalia mimi, alimwangalia mbwa. Akamshika taya, akamfungua mdomo, akamgusa mbavu, akasema mbwa huyu ni mali ya wanaume wa Wamaza, na kwa kuwa mwanaume wa Wamaza aliyepo hapa ni yeye, mbwa ni wake. Nilisema jina lake ni Watasema. Alisema mbwa wake haitwi neno la kuwachokoza watu. Tangu siku hiyo akawa anamwita “mbwa” tu, na mimi nikawa namwita kwa jina lake, na mbwa, ambaye hakuwa mjinga, akawa anakuja kwangu.

Sasa lazima nieleze habari ya kengele, bila hiyo haya yote hayaeleweki. Mbwa wetu hawabweki. Huguna, hulia kwa sauti ya kupanda na kushuka, lakini kubweka hawajui. Kwa hiyo wawindaji huwavalisha shingoni kengele ya mti, ili wajue mbwa yuko wapi ndani ya vichaka. Njiani kwenda mawindoni kengele huzibwa kwa majani, ikae kimya. Nyavu zikishatandazwa, mwindaji huinama, huyatoa majani, kengele inaanza kulia, na mbwa anaingia kazini kwa moyo wake wote. Mnyama akishaanguka, majani hurudishwa, mbwa hupewa fungu lake na hulala. Hakuna anayemwambia neno. Kengele ikilia ni kazi, ikinyamaza ni mapumziko, na mbwa mtoto huyajua hayo kabla hajajua jina lake.

Baba Lubunga aliyajua haya tangu utotoni. Lakini mjini kulikuwa na amri kwamba mbwa anayezurura ovyo na kuwasumbua watu atapigwa risasi na polisi wa teritwari, yaani wilaya, naye akafikiri kama mtu wa mjini: kengele ikilia mchana kutwa, watu watamsikia mbwa akija na watajiweka kando, na hakuna atakayesema mbwa wa seremala anavizia. Aliyatoa majani asubuhi akayatupa jikoni. Hakuna mtu wa pwani wala Mzungu ambaye angeweza kukosea hivyo, maana wao hata wasingejua kengele ni ya nini. Alikosea kwa sababu alijua nusu tu, na nusu nyingine ameiacha Wamaza.

Watasema akawa msituni tangu alfajiri mpaka jua linazama, huku yuko kwenye uwanja wa nyumba. Akigeuza kichwa, kengele inamwambia kimbia. Akijikuna, inamwambia shika. Akawakimbiza kuku wa Mama Zaina, jirani yetu, mjane Mwislamu aliyekuwa akiuza mandazi na akiutunza uwanja wake kuliko uso wake. Akamkimbiza mbuzi wa katekista mpaka kwenye kisima. Akala sabuni. Akachimba chini ya ukuta na kung’ata miguu ya kitanda kilichokuwa cha kuuzwa. Alikonda, macho yakamwiva, akilala anashtuka. Mama Zaina alikuja mpaka kwenye ua, hakuvuka kwa sababu ya swala na mate ya mbwa, akasema kwa upole wake wa kutisha kwamba kuku wake hawatagi tena. Watu wa mtaa walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ana shetani, wengine walisema mbwa wa porini hafai mjini. Baba Lubunga alikuwa na jibu moja kwa yote, kipande cha mbao cha mninga alichokiweka nyuma ya mlango.

Nimeishi na mbwa maisha yangu yote, na nimewaona watu wengi wakimpiga mbwa. Sijamwona bado mbwa aliyejifunza kwa fimbo jambo jingine zaidi ya kuiogopa fimbo. Watasema alipigwa kwa sababu ya kuku, lakini alipigwa jioni, Baba Lubunga anaporudi kutoka kwa wateja, wakati kuku wamekwisha kulala. Basi akajifunza kwamba Baba Lubunga akirudi nyumbani kuna maumivu. Akaanza kujificha na kukojoa chini kwa hofu, na kwa kukojoa akapigwa tena. Shangazi alikuwa akiyaona haya akiwa amekaa jikoni na mtoto begani, midomo ameibana, na nilifahamu baadaye kwamba alikuwa akiijua ile mbao kwa mgongo wake mwenyewe.

Aliyenifungua macho ni yeye, wala hakukusudia. Mchana mmoja mtoto alikataa kulala kwa sababu ya kengele. Shangazi alichoka, akamvuta mbwa kwenye miguu yake, akachana kipande cha kitenge kikuukuu, akakisokomeza ndani ya kengele. Nilikuwa nikitwanga sombe, majani ya mihogo, karibu na mlango. Niliona mbwa akasimama, akasikiliza, akasikiliza tena. Kisha akashusha pumzi ndefu, akajilaza kwenye majivu, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu tufike mjini. Mtoto naye akalala. Shangazi akaniangalia, nami nikamwangalia, nikauweka mchi chini polepole nisiwaamshe.

Jioni nilimweleza Baba Lubunga. Nilieleza vizuri, kwa heshima, nimepiga magoti kama ilivyotakiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachomoa kitambaa, akanirudishia mkononi. Alisema mbwa asiye na sauti mjini ni mwizi, na kwamba mambo ya mbwa hayafundishwi kutoka jikoni. Nikaambiwa pia kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu, na daima kutoka kwa mtu aliyeshika fimbo.

Siku ya soko karani mmoja wa ofisi ya teritwari alipita mbele ya nyumba kwa baiskeli yake mpya, amevaa suruali nyeupe. Kengele ilikuwa wazi. Kitu kinachokimbia, chenye mlio wa minyororo, kilipita mbele ya mbwa aliye kazini, naye akafanya kazi yake. Hakumng’ata. Alishika suruali, kama anavyoshika swala mguuni, na karani akaanguka kwenye mtaro mbele ya watu wote waliokuwa wakienda sokoni. Asingeanguka mbele ya watu, nadhani angesamehe. Kesho yake polisi walikuja kumchukua Baba Lubunga, na ajenti, yule Mzungu kijana aliyekuwa akiangalia mitaa yetu, akaamuru apigwe shikoti, mjeledi wa ngozi ya kiboko, mbele ya ofisi. Ajenti alisema tena kwamba baada ya mavuno ya mpunga atapita mtaani kwetu mwenyewe kumtazama mbwa. Akikuta anakimbiza watu au mifugo, atapigwa risasi palepale. Akikuta ametulia, ataachwa aishi. Neno hilo sajini wa polisi alilitangaza kwa sauti, na watu wakalisikia.

Baba Lubunga alirudi akitembea kama mtu aliyebeba maji. Shati lilikuwa limeshikamana na mgongo. Alipita mbele yetu bila kutusalimu, akaingia chumba cha kazi, akatoka na ile mbao. Watasema alikuwa amejikunyata kwenye maranda. Sikufikiri. Niliingia katikati nikasimama, na mbwa nyuma ya visigino vyangu akitetemeka mpaka nikamsikia kwenye mifupa yangu.

“Toka,” akasema.

“Sitoki, Baba. Kama iko hasira, unipige mimi kwanza.”

“Walinipiga sababu ya ile mbwa.”

“Walikupiga wao. Mbwa hakukupiga.”

Msichana hamjibu mtu mzima hivyo, najua, na sikulelewa hivyo. Aliinua mbao. Nilimwangalia usoni, nikaona kwamba hataki kumpiga mbwa wala mimi, anataka tu yale maumivu yatoke kwake yaende mahali pengine, na mahali pengine palipokuwa chini yake ni sisi tu. Mzungu alimpiga mwanaume, mwanaume akampiga mkewe, mke akampiga mtoto, mtoto akampiga mbwa. Nchi nzima ilikuwa ikifundishwa hivyo. Nilichukia sana siku ile, na bado nachukia. Shangazi akaja akasimama kando yangu, mtoto mgongoni. Baba Lubunga akaiacha mbao ikaanguka kwenye maranda, akaenda kulala kifudifudi.

Nilipokuwa nikipika jioni niliwasikia wakiongea nyuma ya ukuta. Shangazi alikuwa akimkanda mgongo kwa maji ya chumvi na mafuta ya mawese. Alikuwa akisema kwamba mbwa atauawa hata hivyo, basi amwachie Riziki, yaani mimi, ajaribu, kitu gani kitaharibika? Yeye akasema watu watamcheka, mwindaji aliyemwachia msichana mbwa. Shangazi akamjibu kwamba watu wamekwisha kucheka, leo, mbele ya ofisi, na hawakumcheka kwa sababu ya Riziki. Bugali wangu ukaanza kuungua. Mwishoni akasema, nifanye nitakavyo, lakini mbwa ni wake, akipona ni wake, akifa ni wake. Niliposikia hivyo niliondoa sufuria motoni na kwenda kukata majani.

Kuziba kengele ilikuwa mwanzo tu. Wachache wanaonitaja katika hadithi hii siku hizi, wakiwa wamesikia kwa mtu aliyesikia, husema nilizibua siri ya kengele na mbwa akawa malaika. Uongo mtupu. Mbwa aliyekwisha kuonja utamu wa kukimbiza kuku hauachi kwa sababu kengele imenyamaza, kama vile mlevi haachi pombe kwa sababu ngoma imekwisha. Ilinibidi nimpe kitu kilicho bora kuliko kuku. Nilikuwa na ndakala, wale samaki wadogo wakavu, niliowavunja vipande vidogo na kuvifunga kwenye pindo la kitenge changu. Nilikwenda kwa Mama Zaina, nikasimama nje ya ua kama yeye alivyosimama nje ya wetu, nikamwomba kuku wake.

Alidhani nimerukwa na akili. Nilimweleza: sitamleta mbwa kwenye uwanja wako, mate yake hayatagusa chombo chako, nitasimama naye mbali upande wetu, amefungwa kamba, na wewe utawamwagia kuku mchele hapo ulipo. Akataka kujua na yeye atapata nini. Nikasema mayai. Akacheka, akakubali, na tangu hapo kila asubuhi baada ya swala yake alikuwa akikaa kwenye kigoda na bakuli la mchele, akitusimamia kama mkaguzi wa shule. Mbwa akiwatazama kuku na kukaza mwili, sikumvuta wala kumfokea, nilirudi naye nyuma tu mpaka pale anapoweza kunisikia. Akiwaacha kuku kwa macho na kunigeukia mimi, hata kwa kitambo kidogo, anapata ndakala. Kesho tunasogea kidogo. Siku nyingine tulisogea mno, akaruka, na tukarudi kule tulikoanzia, na Mama Zaina akaniambia kuku wake sasa wamekuwa walimu lakini hawalipwi.

Nilijifunza mengi ambayo hakuna aliyeniambia. Kwamba mbwa aliyeshinda amefungwa bila kazi lazima atafute kazi mbaya, kwa hiyo nilimchosha kwanza, kisimani na shambani, kabla ya kumwomba atulie. Kwamba akirukia sahani na mtu akampa tonge ili aondoke, mtu huyo amemlipa kwa kurukia. Shangazi alikuwa akifanya hivyo kila siku kwa huruma, na ilikuwa kazi kumkataza kuliko kumkataza mbwa. Nilimpa mfupa wake wa kutafuna, akaacha miguu ya vitanda. Alipokojoa kwa hofu nilifagia nikanyamaza. Watoto wa mtaa niliwapanga mstari nikawaambia: hakuna kumkimbia, hakuna kumvuta mkia, akila mnamwacha, na anayetaka kumgusa ananyoosha mkono chini kwanza anuswe. Walishika haraka kuliko wazazi wao. Nilimfundisha neno moja, “lala”, kwa sauti ndogo, kwa sababu niliona kwamba sauti kubwa inamkumbusha mbao.

Kengele iliyo wazi niliiacha mwisho, na niliiogopa. Nilijua mtu yeyote anaweza kuyatoa yale majani. Nilianza kuyatoa chumbani, mlango umefungwa, nikilegeza kidogo tu mpaka ilie mara moja, nampa ndakala, naziba. Baba Lubunga alikuwa akifanya kazi yake ya randa palepale. Niliona kwamba kengele ikilia anasimamisha randa, kumwacha mbwa asikie vizuri. Mpunga ulipoanza kuvunwa Watasema alikuwa anaweza kulala chumbani na kengele wazi. Nje, mbele ya kuku, nilikuwa sijathubutu.

Mavuno yalipokwisha ajenti alikuja asubuhi, na kofia yake na sajini na karani wa baiskeli. Watu walijaa barabarani. Nilitembea na Watasema kutoka nyumbani mpaka sokoni, kamba imelegea, kuku huku na huku, na hakugeuka. Karani akaambiwa apite na baiskeli. Alipita akiwa ameinua miguu juu ya kanyagio, na Watasema akamtazama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha. Ndipo sajini, ambaye alikuwa mtu wa nchi hii na mwana wa wawindaji kama sisi, akainama akaishika kengele.

“Umefunga kinywa ya kengele,” akasema. “Unatudanganya.”

Akachomoa majani yote. Kengele ikalia, na karani akaambiwa apite tena. Mwili wa Watasema ukakaza wote, kutoka masikioni mpaka mkiani, na nikaona polisi akishusha bunduki begani. Sikuwa na ndakala tena mkononi. Nilisema “lala”, kwa sauti ile ile ndogo ya jikoni. Akalala. Alikuwa akitetemeka hata kengele ikawa inalia pale chini kwa kutetemeka kwake, na baiskeli ikapita karibu na pua yake, na kuku, na mtoto mmoja mpumbavu aliyekimbia. Hakuinuka. Mama Zaina, aliyekuwa nyuma ya watu na sinia lake la mandazi, alisema alhamdulillahi, kwa ajili ya mbwa.

Ajenti akafurahi. Hilo ndilo sikulitazamia. Alizungumza Kifaransa na sajini kwa muda, akionyesha mbwa kwa kifimbo chake, na sajini akatugeukia akaeleza. Mbwa ameachwa hai, kama alivyosema. Lakini mbwa anayesikia namna hii atafanya kazi ya serikali. Kuna watu wanaokimbilia msituni kukwepa kulima pamba ya lazima na kulipa kodi, na polisi hawawaoni. Mbwa atapelekwa kambini, na msichana atakuja kila siku kumfundisha kuwafuata watu wale na kuwashika. Alimaliza, akamgeukia Baba Lubunga, kwa kuwa msichana haulizwi.

“Wewe ndiye mwenye mbwa. Toa mbwa.”

Baba Lubunga alikuwa amesimama na patasi mfukoni. Tangu nifike haikupita siku asiniambie mbwa ni wake. Alimtazama ajenti, akaitazama shikoti iliyokuwa imening’inia kwenye mkanda wa polisi, na nikasema moyoni, basi, kwisha.

“Mbwa si yangu,” akasema. “Iko ya huyu binti. Jina yake ni Watasema. Muulizeni yeye.”

Sajini akaniuliza kama nimesikia kazi niliyopewa. Nikamjibu.

“Nilimufundisha asifwate mutu. Kumufundisha afwate, sijui. Na hata ningejua, singefundisha.”

Sajini akainyakua kamba akavuta. Watasema, aliyekuwa ameambiwa alale, akaendelea kulala. Alivutwa kwenye vumbi, miguu ameikusanya tumboni, anaburutwa kama gunia na kengele inagonga, wala hakuguna. Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, kisha soko zima. Ajenti alivumilia mambo mengi, lakini kuchekwa hakukuvumilia. Alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu kwamba mbwa ataishi, akaona haya kumuua. Akasema neno fupi, sajini akaiachia kamba. Kwa adhabu wakamchukua Baba Lubunga, kwa kumkosea Bwana heshima, akapelekwa kulima barabara ya Kabambare.

Nilimpelekea chakula huko, bugali na sombe, Watasema akitembea kando yangu bila kamba. Nilimkuta amekaa kwenye rundo la changarawe, mikono imetoka malengelenge ambayo hata useremala haukuwahi kumpa. Alikula kwa muda. Kisha akaniuliza, bila kuinua uso, kama ni kweli kwamba sijui kumfundisha mbwa kuwafuata watu. Nikamwambia si kweli. Ningeweza kabla ya mwezi kuisha, kengele ile ingetosha.

“Nilijua,” akasema. Akalamba sombe kwenye kidole. “Mimi walishanipiga, Riziki, naogopa ile shikoti. Kama mbwa ingekuwa yangu, ningeitoa.”

Nilimwongezea bugali, nikakaa kando yake kwenye changarawe. Sajini alikuja kutufukuza, mimi na mbwa, na tukaondoka, lakini hatukukimbia.